Waya wa Breki Kwenye Gitaa la Marehemu

"Mama Bena, hilo gitaa lako umelilisha nini?"

Jirani yangu Ottilia aliniuliza hivyo tukitoka misa, mbele za watu, huku anacheka. "Mwezi uliopita lilikuwa linakohoa kama mzee wa tumbaku. Leo limenguruma mpaka nikashika benchi!"

"Nimelilisha sala," nikamjibu.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ndugu msomaji, nilikuwa najua kabisa nilicholilisha gitaa lile, na haikuwa sala.

Kwa aliyekosa gazeti wiki zilizopita, nimweke sawa kwa maneno machache. Mimi ni Edina, mzaliwa wa Lituhi ziwani, nikaolewa huku milimani Mapera. Mume wangu Adrian alipiga gitaa la besi kwenye kwaya. Alilinunua kwa mwanamuziki mmoja wa ng'ambo, Mmalawi, aliyeshuka Lituhi na boti akiwa hana nauli ya kurudi. Adrian alipougua akashindwa kukaa, aliniwekea gitaa mapajani akawa ananielekeza yeye amelala. Alipofariki, nyimbo zote za kwaya zilikuwa zimeshaingia vidoleni mwangu. Ndugu zake walipokuja kuanua tanga na kugawa vitu vyake, wakaulizia gitaa. Nikasema, "Lile marehemu aliliachia kanisa."

Hakuliachia kanisa. Aliniachia mimi, na hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na Mungu.

Leo nawaeleza uongo ule ulivyozaa.

Besi lina nyuzi nne. Zikizeeka zinajaa jasho na uchafu, sauti inaziba, inakuwa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Dawa yake ni kuzifungua, kuzichemsha kwenye sufuria na kuzianika juani. Adrian ndiye aliyenifundisha. Mwanangu Benadetha alikuwa ananuna: "Mama, maharage yananuka chuma tena!"

Lakini uzi unachemshwa mara ngapi? Wiki chache baada ya maziko, kabla ya kuanua tanga, katekista Ignatio, ambaye ndiye pia kiongozi wa kwaya, alikuja kuniomba nishike nafasi ya marehemu. Mazoezi ya kwanza tu, ule uzi mnene kuliko wote ukakatika. Ulinichapa kwenye mkono kama fimbo.

Nikashuka Mbinga mjini kutafuta mwingine. Mwaka ule serikali ilikuwa imefungulia biashara huria, maduka yamejaa: redio za kaseti, viatu vya mitumba, betri, sabuni za kila rangi. Nikamuuliza mwenye duka uzi wa besi.

"Uzi wa kushonea nini, mama?"

"Wa gitaa."

Akanitazama na kitenge changu cheusi cha msiba. "Mama, pole sana," akasema, akamhudumia mwingine.

Nikarudi mikono mitupu. Ukumbini kwangu, pembeni, ilikuwa imeegemea baiskeli ya Adrian. Ilikuwa moja ya zile mpya za breki za waya, siyo za zamani zenye breki za vyuma. Nikaipangusa vumbi. Nikabana breki ya nyuma, nikaona waya unavyovutika.

Sikuwa na mawazo mabaya. Nilikuwa na mawazo ya mpiga besi.

Waya wa breki una kichwa kidogo cha madini ya risasi mwishoni. Ukiupitisha kwenye tundu la gitaa pale chini, kichwa kinakwama chenyewe, kama uzi wa kiwandani. Nikachukua plaizi ya marehemu, nikauchomoa polepole. Kava lake la nje, lile jeusi, nikaliacha mahali pake. Sikutaka kuiona baiskeli ya mume wangu imenyonyolewa kama kuku. Ukiitazama kwa macho, ilikuwa nzima.

Nikaukaza kwenye gitaa. Nikaugusa.

Jamani! Watu wanadhani besi ni kelele tu ya chini. Mimi naona besi ni kama mtu anayetangulia kwenye utelezi wa huku milimani, anawaambia wenzake, kanyaga hapa, sasa hapa. Uzi wa zamani ulikuwa unawaambia kwa kunong'ona. Waya ule ulisema. Ulikula vidole vyangu, hata hivi vya mwanamke wa jembe, lakini ulisema. Nililia pale ukumbini kama nimemsikia Adrian anapita nje.

Hiyo ndiyo Jumapili Ottilia aliponiuliza swali lake.

Sasa siku ya kuanua tanga. Wazee wameketi, vitu vya marehemu viko kwenye mkeka. Shemeji yangu Egidi, mdogo wake Adrian, akasimama. Mimi nilikuwa nimejiandaa kunyang'anywa kila kitu, kama nilivyoona kwa wajane wengine.

"Shamba la kahawa," akasema, "libaki kwa shemeji na mtoto. Nyumba ni yake. Asiguse mtu hapa."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyebisha.

"Na wewe Egidi, hutaki kitu cha kaka yako?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi naomba baiskeli tu. Nikiipanda nimkumbuke."

Hapo ndipo mmoja akaulizia gitaa, nami nikatoa ule uongo. Nilijitetea moyoni kwamba Valentino, mdogo wao wa Songea, angelipeleka likapigwe kwenye mabaa. Nikasema ni kwa ajili ya Mungu. Haikuwa kwa ajili ya Mungu. Nililitaka mwenyewe.

Mkutano ukaisha, Egidi akaitoa baiskeli nje. Nilisimama mlangoni. Akabana breki ya mbele, ikashika. Akapiga kengele, akatabasamu.

"Kaka aliitunza, shemeji."

Maneno yalikuwa hapa, kooni: Shemeji, nyuma hakuna waya. Lakini angeuliza, umekwenda wapi? Ningesema, kwenye gitaa. Naye angesema, gitaa si la kanisa? Limeingiaje nyumbani kwako likavikwa waya wa marehemu? Na wazee bado walikuwa uani wanakunywa togwa.

Nikasema, "Nenda salama, shemeji."

Akaenda. Nikajituliza kwamba ataipeleka kwa fundi, na fundi ataona.

Kweli aliipeleka. Fundi mwenyewe ni Othmar, yule wa pale sokoni, ambaye pia ndiye mpiga ngoma wetu kwenye kwaya. Othmar aliziba pancha, akapaka mnyororo grisi. Breki hakuambiwa, naye hakuziangalia.

Siku zikapita. Kila nikimwona Egidi anasukuma baiskeli kupandisha mlima, nilikuwa nashika rozari. Kupandisha hakuhitaji breki, na kushuka bila mzigo ya mbele inamtosha, nikawa najiambia. Nikaanza kuamini kwamba jambo limeshaisha.

Msimu wa kahawa ukaingia, na wanunuzi binafsi nao wakaingia na malori yao. Chama cha ushirika kilikuwa kimezoea kutungojea. Hawa hawakungojea mtu. Lori linasimama chini barabarani, likijaa linaondoka. Kila mtu akawa anakimbia na gunia lake.

Nilikuwa nasafisha mashimo ya ngolo shambani, yale ya kuzuia udongo usimomonyoke, nikasikia Avelina, mke wa Egidi, anapiga kelele tangu ng'ambo ya bonde.

"Dada Edina! Dada! Baba Hamphrey kaanguka!"

"Kaanguka wapi?"

"Mtelemko wa kwenda barabarani! Na gunia! Kaingia kwenye korongo na gunia juu yake!"

Jembe lilinitoka mkononi. Sikuuliza ilikuwaje. Avelina baadaye aliniambia, "Dada, wewe peke yako hukuuliza ilikuwaje." Alidhani ni uchungu.

Nilimkuta hospitali ya misheni, mguu umefungwa plasta ngumu mpaka pajani, umeninginizwa. Nilikuwa nimebeba uji.

"Tumsifu Yesu Kristo, shemeji."

"Milele amina. Karibu, shemeji. Kaa hapo. Umeona nilivyotundikwa? Kama nyama buchani."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Egidi ni mtu wa mzaha hata akiwa anaumia.

"Breki ya mbele nilibana, ikapiga kelele, ikashindwa na uzito," akaendelea. "Nikabana ya nyuma. Ikalegea tu, kama ulimi wa ng'ombe. Nikamwita Mungu, nikamwita na kaka."

Nilikoroga uji. Ulikuwa umeshakorogeka.

"Watu wameiokota baiskeli, wameifungua. Kava lipo, waya hakuna." Akashusha sauti. "Ni Othmar, shemeji. Kaniibia waya siku ile ya pancha. Ameona sisi hatuangalii ndani, akauchomoa akamuuzia mwingine."

"Labda..." nikasema.

"Labda nini?"

"Labda ulikatika."

"Ukikatika si ungebaki humo humo? Hapana. Huyu ni mwizi, na nikitoka hapa atanikoma." Halafu akanishika mkono. "Wewe ni mwanamke wa sala. Niombee nisimchukie kupita kiasi."

Nilimwahidi. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikashindwa hata kuanza Baba Yetu.

Jumapili iliyofuata Avelina akaleta nia ya misa ya kushukuru, kwa kuwa mumewe angeweza kufa. Akaomba kwaya iimbe, na kwa namna ya pekee akaomba besi. "Baba Hamphrey anasema akilisikia gitaa lile anamwona kaka yake."

Nikalipiga. Kila nikigusa ule uzi mnene, niliusikia mguu wa Egidi.

Siku ya mazoezi waya wa amplifaya ulikuwa unakatakata sauti. Othmar akaweka vijiti vyake vya ngoma chini, akainama kuangalia jeki ya gitaa, pale waya unapochomekwa. Nilikuwa nimelishika mapajani. Aliitengeneza jeki haraka. Lakini hakuinuka.

"Mama Bena. Uzi huu umeutoa wapi?"

"Ng'ambo. Malawi."

"Ng'ambo wanatengeneza nyuzi zenye kichwa cha risasi?"

Nikajifanya nakaza uzi mwingine.

"Na zimesokotwa hivi, kama waya wa breki?"

"Othmar, sijui wanavyotengeneza."

Akapitisha kidole juu ya ule uzi. Mikono yake ilikuwa na grisi, ile isiyotoka hata kwa sabuni. Kisha akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ngoma zake. Akapiga polepole mazoezi yote, mpaka Ignatio akamgombeza: "Fundi, umekula? Piga! Mwezi ujao tunakwenda Lituhi kwenye jubilei, unataka Wanyasa watucheke?"

Nilingoja Othmar anitaje. Kwanza kwa siku moja, halafu kwa siku zilizofuata. Sokoni watu walianza kupeleka baiskeli zao kwa fundi mwingine wa kijiji cha chini. Watoto wakimpita wanapiga kelele, "Waya! Waya!" Yeye aliinamisha kichwa akazungusha magurudumu yake yasiyo na mwenyewe. Hakunitaja.

Ingekuwa rahisi kwangu kama angenitaja.

Egidi akatoka hospitali na magongo mawili. Katekista Ignatio, kwa kuwa wote ni watu wa jumuiya moja, akasema jambo lisiende serikalini, limalizwe nyumbani kwake baada ya sala za alasiri. Tukajaa sebuleni kwake. Othmar alikuwa amelibeba sanduku lake la spana, kwa kuwa aliambiwa alibebe. Likawekwa katikati ya mkeka.

Avelina ndiye aliyeanza. "Mimi sina maneno mengi. Mume wangu hataweza kupanda mlima mwaka huu. Huyu aache sanduku hapa, na pale sokoni asionekane tena. Aende akafanye ufundi wake kwingine wanakopenda kufa."

"Othmar," Ignatio akasema, "jibu."

"Waya sikuchukua."

"Nani basi alichukua?"

Othmar akainua macho. Akaniangalia, mara moja tu. Kisha akayashusha kwenye mikono yake.

"Sijui, katekista."

"Hujui! Baiskeli imetoka kwa marehemu ikaja kwako, ikatoka kwako ikaenda korongoni, hujui!" Avelina akapiga makofi. "Basi waya ulipaa mbinguni pamoja na marehemu!"

Mtu mmoja akacheka. Ignatio akainama, akashika mkono wa lile sanduku ili alisogeze upande wa Egidi. Othmar hakulizuia. Aliliangalia likiburutwa kama mtu anayeangalia mtoto wake anapelekwa.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

"Waya niliuchukua mimi."

Wote wakasema kwa pamoja. Ignatio akanyoosha mikono.

"Mama Bena, keti. Una uchungu, tunajua. Usijitwishe ya watu."

"Niliuchomoa kwa plaizi ya Adrian, kabla ya kuanua tanga. Uko kwenye gitaa. Nendeni kanisani mkautazame. Na gitaa lenyewe si la kanisa. Niliwadanganya wazee. Ni la Adrian, nami nililificha kwa maneno."

Ignatio akajishika kichwa, nadhani alikuwa anaiwaza Lituhi. Mimi nilikuwa namtazama Egidi tu.

Egidi akakuna plasta yake. Kisha, huwezi kuamini, akaanza kucheka.

"Shemeji! Gitaa? Uliogopa nitakunyang'anya gitaa? Mimi na gitaa wapi na wapi? Vidole vyangu hivi hata filimbi ya shule vilinishinda!"

Watu wakashusha pumzi, wakacheka. Hata Avelina akatikisa kichwa.

"Ulichukua waya kabla ya mgawo?" Egidi akauliza.

"Kabla."

"Basi ilikuwa baiskeli ya mumeo. Ulichukua chako. Hakuna mwizi hapa." Akamgeukia Othmar. "Fundi, nisamehe. Chukua sanduku lako. Mguu utapona, na maneno yaishe."

Othmar akalivuta sanduku lake taratibu, akalikumbatia. Akaniangalia kwa macho ya kushukuru, na macho yale yalinichoma kuliko yale ya kwanza.

"Tumshukuru Mungu," Ignatio akasema, amefurahi kama mtu aliyepona homa. "Ni bahati mbaya tu. Mama wa watu alikuwa na majonzi. Siku shemeji yake anaichukua baiskeli, akili ilikuwa kaburini, hakukumbuka habari za waya. Sivyo, Mama Bena?"

Wote wakanigeukia. Nyuso zote zilikuwa nzuri. Zilikuwa zinanisubiri.

Sikuwa na haja hata ya kusema ndiyo, kwa sababu Egidi alinijibia.

"Alisahau, katekista. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa sijielewi, nilivaa shati limegeuzwa ndani nje. Angekumbuka vipi yeye?" Akanitabasamia. "Keti, shemeji. Yameisha."

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kuketi. Kunyamaza nakujua. Othmar ana sanduku lake, gitaa limebaki kwangu, Jumapili tunakwenda Lituhi kwetu, na mama yangu mzee atanisikia kwa mara ya kwanza napiga besi. Kitu gani kilichobaki?

Nilipinda magoti, nikaugusa mkeka kwa kiganja.

Halafu nikamwona Egidi anausogeza mguu wake kwa mikono miwili, kama anayebeba kitu cha mtu mwingine, ili nipate nafasi ya kukaa.

"Sikusahau, shemeji."

"Eh?"

"Nilikumbuka. Ulipokuwa unabana ile breki ya mbele, mimi nilikuwa mlangoni, na nilikuwa nakumbuka. Nilijua ya nyuma haina waya. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikakuambia nenda salama."

Egidi aliniangalia. Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo, kama limesahauliwa pale, kisha likaondoka. Akanyoosha mkono akachukua gongo moja, akachukua la pili. Avelina akaruka kumshika kiwiko. Akauondoa mkono wa mkewe, taratibu, bila kumtazama.

Akainuka peke yake. Alichukua muda kuinuka, nasi wote tulikuwa tunamwona na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akapita kati ya magoti ya watu, akapita mbele yangu karibu kabisa, nikasikia harufu ya dawa ya hospitali kwenye nguo zake.

Akausukuma mlango kwa gongo. Akatoka.

Avelina alibaki amesimama katikati ya mkeka, koti aliloliacha mumewe likiwa mkononi, ananitazama mimi.